Simu ya Nesi Iliyotiwa Mfukoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: kibarua wa zege, kwa jina la kazini Mrefu
Umri: miaka 41
Elimu: darasa la tano
Makazi: chumba cha vibarua, nyuma ya jengo linalojengwa, mkabala na ghala la saruji

Leo ni Jumanne, tarehe 11 Juni. Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke kwetu kuja kutafuta kazi. Nimeitwa kueleza niliyoyaona Jumamosi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Sijalazimishwa na mtu, ingawa yupo aliyejaribu.

Mlalamikaji ni nyapara wangu. Ametoka kijiji kimoja na mimi, ndiye aliyenitafutia kazi hii, nami humwita Kaka. Marehemu ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa nondo. Alikanyaga msumari kazini, akajifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Mguu ukavimba, homa ikampanda. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema uchafu umeshaingia kwenye damu.

Mnamo tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, mimi na Kaka tuliruhusiwa kuingia kumwona. Alikuwa na mpira mdomoni, mashine ikimpumulia. Tulisimama upande wa miguu. Kaka alikuwa bado amevaa koti la kazi lenye vumbi la saruji, akamwambia mdogo wake aache uvivu, nondo zinamsubiri. Nesi wa zamu alicheka kidogo. Huo ndio wakati pekee nilipomwona akicheka, na mashine ilikuwa haijalia.

Kisha mashine ikalia. Nesi alitwambia turudi ukutani. Aliangalia presha, akasema imeshuka. Mwenzake, nesi mwanamume, alileta dawa, akasema ile waliyoizoea imekwisha na hii nguvu yake ni nyingine. Nesi akatoa simu mfukoni mwa sare yake, akaanza kubonyeza.

Hapa naomba niandikiwe jambo la kazini kwetu, bila hilo hamtaelewa. Kila asubuhi Kaka hupita na ndoo tupu ya rangi kukusanya simu. Husema, “Haya, leteni wake zenu wa pili.” Tunacheka, tunatia. Aliwahi kuona mtu akianguka kutoka jukwaani huku anaongea na simu, na tangu hapo kwake mtu mwenye simu mkononi ni mtu aliyeacha kazi. Akikukuta nayo haulizi, anaichukua, anaitia mfukoni, anafunga kifungo. Mimi ameshanichukulia yangu.

Basi ndivyo alivyofanya kwa nesi. Alimwambia, “Ndugu yangu anakata roho, wewe unachati?” Nesi alimjibu bila kuinua macho kuwa humo mna kitabu cha dawa, anatafuta kipimo. Kaka akaipokonya, akaitia mfuko wa koti, akafunga kifungo. Akasema, “Utaipata ukimaliza kazi.”

Hakupiga kelele. Alisema vilevile kama anavyotuambia sisi.

Nesi alinyoosha mkono. Alisema, “Baba, uzito wake nimeshauingiza humo. Sitakisia kwa mgonjwa wako. Nipe.” Mwenzake alikimbilia mezani kumpigia daktari, daktari hakupokea. Nesi akaomba tena. Kaka alikuwa akimtazama mdogo wake tu, nadhani hata hakusikia. Nilimwambia, “Kaka, mpe, huyu si kibarua wako.” Akaniambia ninyamaze.

Nilifungua kile kifungo mwenyewe, nikaitoa simu. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Hapakuwa na picha ya mtu wala maneno ya kuchati. Palikuwa na jina refu la dawa nisiloweza kulisoma, na visanduku vya namba, kimoja kimeandikwa kilo 68. Nesi aliipokea, akasoma namba kwa sauti, mwenzake akairudia, ndipo wakaanza kumtia ile dawa. Muda uliopita siujui, sikuangalia saa.

Alifariki alasiri ya siku hiyo. Kama ule ucheleweshaji ndio uliomwua au alikuwa anakwenda tu, sijui. Aulizwe daktari.

Jumapili nilisikia nesi amesimamishwa kazi kwa kuwa Kaka amemshtaki kuwa alikuwa akichati na kucheka huku mgonjwa akikata roho. Jana jioni Kaka aliniambia nikija hapa niseme hivyo hivyo. Alisema, “Wewe ni wa kwetu, Mrefu.” Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nitasema.

Kaka si mtu mwongo. Alimlea yule kijana tangu wazazi wao wafariki, akamfundisha kazi. Nadhani anaona heri alaumiwe nesi kuliko mkono wake mwenyewe. Lakini nesi hakuwa akichati.

Nilichoona kwa macho yangu kinaishia hapo. Nimesomewa, ni maneno yangu. Alhamisi tunamsafirisha marehemu kwetu, mimi na Kaka katika gari moja, safari ya siku mbili. Natarajia kurudi hapa Jumatano ya wiki ijayo, kama kazi itakuwapo, na hata isipokuwapo nitarudi, mkiniita nitafika.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Nimeyaandika maelezo haya mimi, koplo wa zamu, na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Shahidi ameomba mlalamikaji asielezwe yaliyomo kabla ya Alhamisi. Anasema atamweleza mwenyewe njiani.