Siku Petro Alipomjibu Mtani Wake

Kwa mdogo wangu Monika, Kwihara.

Shikamoo yako imefika pamoja na barua, marahaba. Mimi ni mzima, ila miguu huvimba kwa kusimama wodini kutwa. Nijulishe kama kifua cha mama kimepata nafuu, na kama mvua imewafikia.

Umeniuliza jambo moja: je, mumeo atarudi, au ukubali wazee wa ukoo wake wakurudishe kwetu? Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia uongo.

Mwaka huu daktari wetu Mwingereza ameanza kujaribu vidonge vipya kwa wagonjwa wa akili na kwa walioharibiwa na pombe ya moshi. Mumeo Petro alikuwa na yote mawili. Vidonge vinafanya kazi, sikatai. Wodi imetulia, na mikanda ya kufungia watu tumeiweka stoo. Petro hapigi mtu tena. Daktari akaandika kwamba amepona, arudishwe Tabora kwa treni.

Mimi nilipinga. Nimewauguza watu hawa miaka mingi. Aliyenyamaza si lazima awe amepona. Nikamwambia, "Bwana Daktari, huyu ni Mnyamwezi, na mhudumu mwenzangu Kondo ni Mzaramo. Ni watani tangu siku za misafara. Kila asubuhi Kondo humtukana, naye humtazama kama anavyotazama ukuta. Mnyamwezi mwenye akili timamu hawezi kuvumilia hayo."

Alicheka, lakini alipunguza dawa, akaniagiza niandike kila siku yatakayotokea.

Wiki tatu niliandika: hakujibu. Nilichoka, Monika. Nilianza kudhani nimemzuia mtu bure.

Juzi Kondo alimpelekea uji. "Kula, mpagazi wangu. Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, wewe kijiko kinakushinda?"

Petro alikitazama kijiko. Kisha akasema polepole, "Babu yangu alibeba. Babu yako alikuwa amelala mlangoni, akingoja msafara ufike aombe."

Kondo aliweka bakuli chini, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mwizi huyu amerudi," akasema. Nami nikaandika: amejibu.

Atabaki hapa mpaka mwezi ujao. Akija, asionje pombe yoyote, hata ya mtama, hata ya arusi. Ikiwa nyumba hiyo haiwezi kukaa bila mtungi, afadhali asije. Sikuamuru umngoje, umeteseka vya kutosha. Lakini jana aliniuliza kama bado uko nyumbani kwake. Nilimwambia hilo si langu kulijibu.

Nisalimie mama, wifi yako anayemuuguza, na mchungaji aliyeniandikia barua kwa niaba yako. Mama mkwe wako mwambie mwanawe anakula.

Jibu lako usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, sasa anaweza kusoma tena.

Ni mimi kaka yako,
Yohana