Nilialika Watu Kwenye Tuzo ya Salma, Wakaja na Leso

Dubai, Jumamosi, mwezi wa tatu

Leo mbingu ina vumbi, hata jengo la ng'ambo silioni vizuri kutoka roshani yetu hapa Al Twar. Lakini moyo wangu mweupe. Sauti imenikauka kwa vigelegele vya jana, na toka asubuhi nakunywa chai ya tangawizi kama mgonjwa.

Salma ndiye anayebonyeza herufi, mimi nasema. Sikupelekwa skuli, wanaonisoma hapa wanajua. Leo kakaa ncha ya kochi, kaninunia. Ataandika tu. Tulikubaliana toka mwanzo kwamba ninachosema ndicho kinachoandikwa, hata kama kinamchoma yeye.

Kwa mgeni aliyepita leo: Salma ni mjukuu wangu, na anachezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo chake. Chuo chenyewe ni ghorofa mbili juu ya duka la mazulia, uwanja hakina. Viko vyuo vingine vidogo kama hicho hapa na Sharjah, vina ligi yao, na msimu ukiisha huwa na mashindano, wasichana kwanza, wavulana baadaye. Msimu huu ndio wangu wa kwanza kwenda. Siku ya kwanza niliuliza kikapu gani hiki kisicho na kitako. Sasa najua hata faulo ambazo refa hazioni.

Kilichonikera ni viti.

Nusu fainali ya wasichana, wiki iliyopita, waliokuja kutazama wangeenea kwenye teksi. Nilikuwepo mimi, mama mmoja na mtoto mchanga, na baba wawili wanaotazama simu zao. Msafishaji naye alisimama kidogo akaondoka. Salma akifunga, makofi yangu yananirudia mwenyewe kutoka ukutani.

Kisha mkuu wa ligi, wanamwita Mista Farid, akawakusanya wasichana akawaambia: mdhamini halipii ukumbi kwa ajili ya viti. Fainali ikiwa tupu kama hivi, mwakani watacheza wavulana peke yao. Salma amebakiza mwaka mmoja wa chuo. Alirudi nyumbani akaingia kuoga akakaa humo mpaka baba yake akagonga mlango.

Mtoto huyu halii mbele ya watu. Maji ndiyo yanayomfichia.

Usiufute huo mstari, Salma.

Siku ya pili akaniambia kwa sauti ndogo, "Lakini nyanya, niko kwenye tuzo. Wametaja watatu, na mimi nimo."

Hapo ndipo nilipopata akili yangu, na hapo hapo ndipo nilipokosea.

Mimi nijuavyo, tuzo hutoka kwenye kutuza. Na kutuza nimekuona tangu nikiwa mdogo, Mombasa. Bibi harusi ametolewa, au kuna mwanamke anacheza vizuri ngoma imemkolea, basi aliyefurahi anainuka kitini kwake anakwenda kumtuza. Huyu anamtia noti, yule anamfunika leso, mwingine anamnyunyizia marashi. Hakuna anayeteuliwa kutuza. Unatuza kwa sababu umefurahi. Nikasema kumbe hawa wa kikapu nao wana adabu zetu, sema hawana watu wa kutuza.

Watu nitawaleta mimi.

Kwetu shughuli haialikwi kwa karatasi. Inaalikwa kwa mdomo, mlango kwa mlango, na anayekuja kukualika ukimwambia huendi anakaa mpaka useme unakwenda. Nikakaa siku tatu kwenye duka la mwanangu Al Ras, wanakokuja wanawake wote wa kwetu kununua iliki na udi. Wa Mombasa, wa Lamu, wa Unguja, kila aliyeingia nilimwambia, "Salma anatuzwa Ijumaa baada ya alasiri. Al Quoz, ukumbini. Njoo na cha kutuzia." Waliobaki niliwatumia sauti kwenye simu. Sikusema neno harusi, wallahi sikusema. Wao ndio waliolisikia.

Huku nyuma nyinyi mkawa mnabishana hapa chini ya maandishi yangu. Salma amenisomea yote. Baba Feisal wa Sharjah anasema mchezaji bora ni Salma, hakuna anayefunga kama yeye. Yule anayejiita Mkongwe anasema ni yule msichana mrefu wa timu nyingine, ambaye akinyoosha mkono kikapu kinamjia chenyewe. Mkatukanana mpaka mkafika kwenye mambo ya siasa. Mimi nikanyamaza, maana nimetazama kila mchezo na nilikuwa na jina langu moyoni, na halikuwa la mjukuu wangu.

Ameacha kuandika.

Ameendelea.

Ijumaa ikafika. Dereva wa Mombasa anayeendesha basi la kampuni alimwomba arbab, tajiri wake, ruhusa, akawabeba wanawake wa Deira wote pamoja. Mimi niko mlangoni mwa ukumbi nawapokea. Mlango wa basi ukafunguka, ikatangulia harufu ya udi, wakafuata wao. Mabuibui ya kutokea, hina mpya, dhahabu mikononi, kila mmoja na kifurushi chake cha leso. Bi Shuu wa Unguja alikuwa mbele, na mrashi wake wa fedha kaushika kama mtoto.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Magodauni na gereji tupu.

"Rukia, shoga yangu," akaniambia, "ndo harusi gani hii huku kwenye matairi? Bwana harusi fundi?"

"Harusi ya nani?"

"Si ya Salma. Umesema anatuzwa."

"Anatuzwa kwa kucheza mpira."

Wote wakanitazama. Nikaona hapa nikichelewa watarudi kwenye basi. Nikawaambia kweli, kwamba viti visipojaa leo wasichana hawa hawatacheza tena, na kama wamekwisha kupaka hina, basi hina haijui kama ni ya harusi au ya kikapu. Bi Shuu akafikiri.

"Chakula kipo?"

"Sambusa zangu, ndoo mbili."

"Yalla, tuingie. Nshavaa, sivui."

Wakaingia. Wakajaza upande mmoja wote, na wengine wakavuka kwenda upande wa pili. Salma alikuwa anapasha mwili moto, akageuka akaona, mpira ukamtoka mkononi. Akaja mbio, anacheka anataka kulia. "Nyanya, umefanya nini?"

"Si umesema tuzo? Nimekuletea wa kukutuza."

"Nyanya, tuzo ni kikombe. Inaamua meza."

"Meza gani?"

Akanionyesha kwa kidole. Meza ya kweli, na wanaume watatu na chupa zao za maji. Hao ndio wanaotuza. Nikaona ajabu. Wamekaa wamekunja uso kama wanasubiri daktari, watajuaje nani amewafurahisha watu?

Mchezo ukaanza. Bi Shuu hakuwa anajua chochote, kwa hiyo akapiga kigelegele kwa kila kikapu, chetu na chao. Salma alipofunga mfululizo, Bi Shuu akainuka na mrashi wake akanyunyiza marashi mbele, kama anavyonyunyiza siku zote, na matone yakaangukia sakafu ya kuchezea. Refa akapiga filimbi. Akaja na uso wa hasira kuonyesha sakafu inavyoteleza. Bi Shuu kadhani kijana kaja kupokewa. Akamnyunyizia mikononi, na ya kifuani akamwongezea. Mchezo ukasimama mpaka sakafu ikapanguswa, na refa akakimbia robo zote zilizobaki ananukia waridi.

Sasa nimtaje wa moyoni mwangu.

Anaitwa Njoki, wa timu ya Salma. Mfupi, kwao ni Nakuru, anaishi Satwa na mama yake ambaye ni mlinzi kwenye duka kubwa. Njoki hafungi, kwa hiyo hakuna aliyemtaja kwenye ubishi wenu. Kazi yake ni kumkaba mrefu wa upande wa pili, na anamkaba kama deni. Mrefu akienda kunywa maji, Njoki yuko. Akigeuka yuko. Salma anafunga kwa sababu Njoki ameunyang'anya mpira akamkabidhi, halafu watu wanampigia makofi Salma, na Njoki amesharudi zamani kumkaba mtu wake. Akinikuta nje ananiita nyanya kwa lugha ya kwao, "Shosho, umekula?" Mimi ndiye ninayeulizwa kama nimekula, na yeye ndiye anayekimbia.

Mama yake hakuwahi kumwona akicheza, zamu zake ni za jioni. Jana nilimtumia sauti nikamwambia ajaribu. Robo ya mwisho nikamwona kaingia na yunifomu yake na buti, kasimama mlangoni mikono nyuma, kwa mazoea tu. Kiti kilikuwepo, hakukaa.

Mwishoni kabisa tuko mbele kwa kikapu kimoja, na mpira anao yule mrefu. Hata Bi Shuu amesahau mrashi wake. Mrefu akajikunja aruke. Njoki hakuruka, angeruka wapi na urefu ule? Alingoja mpira ushuke kidogo kabla ya kupaa, akaugonga kutoka chini. Ukamwangukia Salma. Filimbi.

Tumeshinda.

Meza ikainama ikanong'ona, wakasimama, wakatangaza mchezaji bora wa mashindano: Salma. Akapewa kikombe. Nikafurahi, sikatai, ni damu yangu. Wanawake nao hawakungoja kuambiwa. Waliitwa kutuza, basi wakateremka wote uwanjani na leso zao na vigelegele, wakaelekea kwa Salma.

Nikawasimamia mbele.

"Huyu keshapewa na meza. Nyinyi mmetazama kwa macho yenu. Nani amewafurahisha?"

Bi Shuu akajibu bila kufikiri, "Si yule kibonge mfupi aliyekuwa akimsumbua mrefu."

"Basi mtuzeni."

Wakageuka wote. Njoki akaona kundi la mabuibui linamjia akarudi nyuma, akidhani amekosa kitu. Mimi nikatangulia nikamfunika leso yangu mabegani. Ya pili ikaja, ya tatu, ikawa hazihesabiki tena, mpaka mtoto haonekani ila pua. Marashi yakamwagwa bila filimbi.

Mista Farid akaona uwanja umevamiwa na wavulana wanangoja kucheza. Akamwendea yule mama mlangoni akamwambia, "Security, please, watoe hawa watu."

Mama Njoki akasema, "Sir, mimi niko off. Huyo ni mtoto wangu."

Akavuka uwanja. Mtu akampa leso, akajifunga kiunoni juu ya yunifomu, akacheza. Hatukujua anacheza ngoma ya wapi, tukampigia makofi tu, na yeye tukamtuza.

Khalas. Tukakusanya ndoo zetu tukatoka, kwa kuwa waliokuwa na shughuli tumeshamaliza shughuli yetu. Fainali ya wavulana ikaanza nyuma yetu na viti vimebaki na akina baba wenye simu.

Tuko tunapanda basi, Mista Farid akatoka mbio, tai imemrukia begani. "Madam, madam, kuna mchezo mwingine."

"Wa kina nani?"

"Wavulana."

"Sikualika kwa ajili ya wavulana. Na si umesema mwakani hakuna wasichana? Basi sisi tutakuja kufanya nini?"

Akatazama basi limejaa, akatazama mlango wa ukumbi wake. Salma alikuwa kando yangu na kikombe chake. Yule bwana akashusha mabega.

"Mwakani wasichana watacheza," akasema. "Na watacheza mwisho, baada ya wavulana. Ili msiondoke."

Nikamwambia tutaona, inshallah, mwezi huo una harusi nyingi.

Njia nzima Salma alitazama dirishani. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nyanya, umeniaibisha mbele za watu." Nikamwambia kikombe ni chako, sikukunyang'anya. Lakini mimi nikikupendelea pasipo haki, nitakuwa nimekupenda vibaya. Akaenda kulala bila kunibusu mkono. Nikasikia hilo mpaka kwenye mifupa.

Leo ndiyo hivyo, amekaa ncha ya kochi. Kikombe amekiweka jikoni, karibu na mkebe wa sukari. Lakini sasa hivi, tunaandika haya, amesimama kutazama simu akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Njoki amemtumia picha amevaa leso yangu nyumbani kwao. Mimi leso nanunua kwa rangi, maandishi sijui yanasema nini. Salma amenisomea. Kumbe ni ya kumtukana mke mwenza.

Nimemwambia asithubutu kumweleza Njoki. Amesema ameshamweleza, na Njoki amejibu kwamba mwakani ataivaa siku ya kumkaba yule mrefu.

Amesogea sasa. Kichwa kiko begani kwangu na anaandika kwa kidole kimoja. Anasema mwakani na yeye atajifunza kukaba. Nimemwambia tutaona, miguu yake ni ya uvivu.

Hilo nalo ameliandika.

Mwaka ni mrefu, lakini watu wa Dubai hawaishi shughuli, na sasa kuna viti vya pande zote mbili. Kesho nikiamka salama nakwenda Al Ras, nakaa pale mlangoni penye iliki, naanza kualika.