Mpaka wa Murugi

Gatitu, Nyeri
19 Agosti 1998

Kwako dada yangu Wacera,

Kosa la watu wengi wanaowaletea watoto mchezo wa kompyuta ni kuwaacha waucheze peke yao. Mchezo wa watoto unamtaka mtu mzima aketi kando yao na kuucheza pia, na nitakueleza nilivyoujifunza mmoja. Lakini kwanza, hujambo? Baridi ya huko Kiriaini imelihurumia goti lako? Sisi huku tu wazima. Kahawa imechanua vizuri, na mjukuu wangu Ivy amefunga shule akiwa wa nne darasani.

Mwanangu Njiru alituletea kompyuta siku ya Pasaka, na mchezo ndani yake. Hauna mshindi wala mwisho, wala hakuna anayeuawa. Unaingia katika nchi pana yenye mito, misitu na mlima, na unakwenda popote upendapo. Unaweza kuvua samaki, kufuga kondoo au kupanda mlima tu ili uone kilicho upande wa pili. Kila mtoto hujichagulia shamba na kulizungushia vichaka. Mimi niliwafundisha kusoma ramani yake, kwa kuwa miaka thelathini ya kufundisha jiografia haiishi kwa kustaafu.

Nasema watoto kwa sababu Murugi, mjukuu wa Moffat, alikuwa akija pia. Wewe unajua aliyonitendea Moffat, ingawa ni ndugu yetu wa tumbo moja. Mwaka wa 1991 aling'oa matoka aliyopanda baba, yale maua ya mpakani ambayo hapa kwetu mtu mwenye akili zake hayagusi, akayapanda hatua tano ndani ya shamba langu. Wazee walikuja, wakala mbuzi wake, wakasema matoka yako mahali pake. Tangu siku hiyo sijamsalimu. Lakini watoto hawakuwa katika kesi ile, na Murugi alikuwa akipenya kwenye ua kila alasiri, akinisalimu Guka, yaani babu, kama Ivy anavyonisalimu.

Jumatatu moja walikuwa wametumwa kuni, nami nikaketi mbele ya kioo peke yangu. Nililiona shamba la Murugi, kabichi zake zimepangwa kwa mistari, mpaka umenyooka. Nikakumbuka ni mjukuu wa nani. Nikashika kile kidude wanachokiita panya, nikasogeza vichaka vyake hatua tano ndani, nafasi iliyobaki ikaingia shamba la Ivy. Nilihesabu kwa makini, zisiwe nne wala sita. Kisha nikanywa chai, na sijaonja chai tamu kama ile tangu mwaka wa 1991. Nilitaka mtoto arudi nyumbani akilia kwamba mpaka wake umesogezwa, Moffat amwulize ni nani afanyaye mambo kama hayo, kisha ajisikie akiuliza.

Haikuwa hivyo. Murugi alipima kioo kwa kidole gumba, akamgeukia Ivy, akamwambia ati shamba halina miguu, na lililonenepa ni la Ivy. Ivy akaapa hakugusa kitu. Murugi akamwita mwizi. Ndipo wote wawili wakanitazama mimi, mwalimu, niamue.

Wacera, hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Nilivaa miwani, nikakichunguza kioo kama nilivyokuwa nikichunguza madaftari, nikasema kwamba mashine haikosei, na aliyepata ardhi ndiye wa kuulizwa. Ivy aliniangalia tu. Sijui kama alijua.

Jioni hiyo Moffat alisimama karibu na ua na kumwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia, kwamba kwa mwalimu hata watoto wanafunzwa kuiba ardhi, tena ardhi ya ndani ya kioo. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akampeleka Murugi huko kwako amalizie likizo, asichafuliwe na wezi. Ivy haigusi tena kompyuta. Mimi ananisalimu kwa adabu, kama anavyomsalimu mhubiri mgeni.

Usidhani nimemsamehe Moffat. Akija leo kuniomba radhi nitamfanya arudie mara mbili, nijifanye sikusikia. Bado nazitaka hatua zangu tano, na nitazitaka mpaka nizikwe ndani yake. Lakini wezi wa boma hili ni wazee wawili, na Ivy si mmoja wao. Kulisema jambo hili mbele ya Moffat siwezi. Atalitembeza soko zima kabla ya Jumapili, na ushindi huo sitampa. Ivy nitamwambia mwenyewe, nikishajua Murugi amesikia.

Nisalimie jirani yako Mbae na watoto wake, na umwambie kwamba yule ng'ombe wake aendelee kupewa majani makavu. Ukimaliza kusoma, usiningoje mimi wala jibu langu. Leo hii mwite Murugi, umwambie aliyesogeza mpaka wake ni Guka Mutahi, si Ivy.

Kaka yako,
Mutahi