Bakuli Langu Limejaa Maji

Nyumba ya juu ya gati,
Kijiji cha Dolgae,
Korea Kusini.
2 Aprili 2017

Mpendwa mdogo wangu Ok-bun,

Nina miaka sabini na tisa. Nimeizika vita, nimeizika njaa, nimewazika wenyeviti watatu wa kiwanda cha meli na daktari aliyeniambia niache pombe. Kwa hiyo usiniulizie afya, mimi ni chuma. Goti lako je? Baridi ya huko Ujerumani imelegea? Natumaini unapata wali, siyo mikate tu kila siku.

Ok-bun, nina hasira. Nilikuahidi kwamba hisa zangu za kiwandani ndizo zitakujengea chumba nyuma ya nyumba, urudi uzeeke karibu na kaburi la mama. Tuligawiwa hisa zile sisi wachomeleaji wa zamani. Wenzangu waliziuza wakanunua magari, nikawacheka. Sasa wananicheka wao.

Mambo yenyewe ni hivi. Kiwanda kinadaiwa na benki na fedha hakina. Basi wakubwa wamechapa hisa mpya, chungu nzima, wakaipa benki, deni likafutwa. Hisa zangu hakuna aliyezigusa, ziko zilezile. Lakini thamani yake imeyeyuka, ni kama supu ya ng'ombe: wageni wamejazana mezani, mpishi kamimina maji sufuriani, halafu mimi naambiwa, mzee, bakuli lako si limejaa? Limejaa maji!

Usidhani nilinyamaza. Nilikwenda mkutano wa wanahisa na koti langu la kazi. Nilifika kabla ya milango kufunguliwa, lakini viti vya mbele vilikuwa vimeshajaa makarani wao, wameingizwa kwa nyuma. Mwenyekiti hajamaliza kusoma jambo, wao wanapaza sauti, "Tumekubali!"

Nikasimama. "Mimi sijakubali! Meli ya kwanza ya hapa niliichomelea kwa mkono huu, wewe mwenyekiti ulikuwa bado unanyonya!"

Ukumbi ukacheka. Karani mmoja akageuka, "Babu, keti basi, chakula cha mchana kinapoa."

"Chako kimeshapoa, hujaambiwa tu!"

Mwenyekiti akagonga nyundo mara tatu, hoja ya hisa mpya ikawa imepita. Mlangoni wakatugawia taulo kila mmoja, limeandikwa jina la mkutano. Nikalichukua, kwa nini niwaachie? Halifyonzi hata jasho.

Sasa binti yangu Yeon-hui ananikalia kooni. "Baba, mwandikie shangazi asirudi. Atalala wapi?" Nimemwambia akapike. Lakini kweli ni kweli, Ok-bun, fedha ya matofali na fundi haipo. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Ila nani kasema chumba lazima kiwe cha matofali? Manahodha wangapi wamelala ndani ya kuta nilizochomelea mimi? Jirani yangu Guk Pan-seok anavunja meli kuukuu. Amenipa mabamba ya chuma kwa mitungi ya pombe ya mchele, na matusi kidogo juu yake. Kuta tatu zimesimama. Nachomelea mwenyewe, na mshono wangu haujawahi kuvuja, baharini wala nchi kavu. Chini ya sakafu nimepitisha mabomba ya maji ya moto, utalala mgongo ukiwa na joto kama tulivyolala utotoni. Dirisha ni la duara, linatazama kwa mama. Yeon-hui anasema ni kontena. Hajui kitu yule. Ni chumba cha nahodha, na gharika ikija kitaelea.

Kwa hiyo usighairi. Rudi kabla ya msimu wa kutia kabichi chumvi kwa akiba ya baridi, mikono yako inahitajika.

Wasalimie watoto wako Henrike na Jun-ho, na yule jirani anayekupeleka hospitali. Yeon-hui anakusalimu, ingawa amenuna. Mababu wakushike mkono njia nzima.

Ukiona natia chumvi, muulize Guk Pan-seok, ndiye anayenishikia mabamba. Ya mkutanoni muulize Mama Seong muuza tambi. Naye ana hisa, alikaa ubavuni mwangu, na alicheka kuliko wote.

Lile taulo nimelitandika mlangoni pa chumba chako. Ukifika, futia miguu.

Kaka yako akupendaye, asiyeuza,
Pyo Chil-bong