Aliyekuandikia si Hamadi, Mama

Sumbawanga,
Alhamisi, ukungu ukiwa bado haujaondoka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi, nikiwa nimejifunga kanga mbili na sweta juu yake. Miguu inaendeleaje? Mvua zimefika Korogwe, au bado mnaangalia mawingu tu? Sisi hatujambo. Salimu yupo dukani na wajukuu zako ni wazima. Wameshazoea Kifipa cha watoto wa jirani, hata wakicheka najikuta nacheka nao bila kujua kinachochekesha.

Simu zangu hupokei tangu siku uliponiambia kwamba nataka kumuua ndugu yangu Hamadi mara ya pili. Sikulaumu, mama. Ndiyo maana nimeandika barua hii kwa mkono, na dereva wa basi anayefahamiana na Salimu amekubali kuhakikisha inakufikia. Tafadhali soma mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Asubuhi za huku hujaziona. Ukungu unatanda mtaa wetu wote wa Kasense, mtu anakuja kwako kama kivuli, anakusalimia, kisha anayeyuka tena. Hamadi aliondoka kwangu asubuhi ya namna hiyo. Lori lao la mahindi lilishika njia ya Msanzi kwenda mpakani, naye akanipungia mkono dirishani mpaka nikabaki nausikia mngurumo tu. Miaka yote hii moyo wangu umekataa kukubali kwamba hayumo tena mle ndani ya weupe ule. Likipita lori, natazama dirishani.

Kwa hiyo uliponipigia ukilia kwa furaha, kwamba Hamadi amekuandikia kwenye wasapu, yuko Lubumbashi, mzima, ila karatasi zake zimeshikiliwa, nilikaa juu ya gunia la ulezi nikalia na mimi. Sikuuliza kitu. Nilikuwa kama mtu aliye usingizini anayeogopa kugeuka upande wa pili, ndoto isije ikamtoka.

Nikaanza kuandikiana naye. Picha ilikuwa yake. Na ile sauti, "Mama, ni mimi, usihangaike tena," uliponirushia niliicheza kutwa nzima huku nikipima mchele. Hata alipokutaka umtumie picha ya kitambulisho chako na zile tarakimu zinazoingia kwenye simu, bado niliamini. Hata aliposema uuze kiwanja cha nyuma, nilijiambia, shida haina adabu.

Kisha siku moja nilimwandikia salamu ya asubuhi kwa Kizigua. Wallahi sikuwa namtega, nilikuwa nimemkumbuka tu. Akajibu, "Dada, hiyo lugha nimeshaisahau. Huku ni Kiswahili na Kifaransa."

Mlangoni mwa duka walisimama akina mama kutoka Mpui, wakibishana bei kwa Kifipa, sauti zao zikipanda na kushuka. Nikawasikiliza. Mama, mimi huku naongea Kiswahili tangu nikiamka, lakini nikiota, naota kwa Kizigua. Hamadi asahau maneno uliyombembelezea?

Salimu aliiona sura yangu. "Mama Rehema, twende polisi."

"Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, watamsaidia arudi. Kama siye, watamwokoa mama na kiwanja chake."

Kituoni tulipokelewa na askari wa kike, kijana, mpole. Nilikuwa nimeshaanza kufuta yale mazungumzo kwa hasira, akanishika mkono. "Dada, usifute hata neno moja. Huo ndio ushahidi wetu. Wala usimtukane, akishtuka ataitupa laini yake." Akaniambia nipige picha za kioo cha simu, kila ukurasa, namba yake na tarehe vionekane, na ile sauti niiache kama ilivyo. Kisha akachukua maelezo yangu, akafungua jalada na kunipa namba ya RB ya kufuatilia kesi. Hatukutoa hata shilingi.

"Lakini anayelengwa ni mama," akasema. "Naye aende kituo cha kwao na simu yake na kitambulisho, aitaje namba hii ili maelezo yaunganishwe. Apite pia kwenye duka la mtandao wake wa simu, aripoti namba ya huyo mtu na abadilishe namba zake za siri."

Hayo ndiyo niliyotaka kukwambia jioni ile. Ukanijibu ulivyonijibu, ukakata.

Jana yule afande alinipigia. Wamemkamata. Ni kijana wa humu humu nchini, Lubumbashi hajawahi kufika. Laini ilisajiliwa kwa jina la bibi mmoja asiyejua lolote. Kwenye simu ya kijana huyo wamekuta picha za watoto wa watu, wote waliopotea, alizozichukua kwenye matangazo kama lile letu tulilowekea namba yako. Alikuwa mtoto wa akina mama wengi, mama. Sasa anasubiri mahakama. Na ile sauti aliitengeneza kwa kompyuta kutoka kwenye video za zamani za Hamadi. Sauti ni ya mwanao kweli. Maneno ndiyo hayakuwa yake.

Nilikwenda kituoni kumshukuru yule afande, nikashindwa, nikalia tu. Aliningoja nimalize, kisha akauliza, "Na huyu Hamadi wa kweli, jalada lake la kupotea liko kituo gani?"

Tuliuliza madereva, tulitangaza mitandaoni, tulisoma dua. Jalada halikuwepo.

Akavuta karatasi mpya. "Jina lake kamili?" Nikataja. "Ana umri gani? Ana alama yoyote?" Nikamwambia kovu la kidevuni, na mwanya. "Mara ya mwisho alionana na nani?" Nikasema, na mimi. Aliandika yote polepole. Taarifa zitapelekwa mpakani, na wenzao wa upande wa pili wataulizwa. Hakuniahidi kitu, nami sitakuahidi. Anahitaji maelezo yako, na picha ile uliyoiweka kwenye fremu.

Basi nenda kituoni, mama. Usiende kwa ajili yangu, wala ya yule tapeli. Nenda ukaulizwe habari za mwanao na mtu anayeziandika.

Msalimie sana baba mdogo, mwambie dawa ya kifua nitaituma. Shangazi mwambie nimepata mbegu za maharage alizoziulizia. Na mwalimu wa madrasa asiache kutuombea.

Baki salama, mama. Simu yangu ipo wazi, na sikasiriki.

Mwanao,
Mwanaidi