Mfalme Asa na Tumbo la Kemirembe

Nyakasimbi, Karagwe,
Wilaya ya Bukoba.
14 Agosti 1952

Mpendwa ndugu yangu Kaijage,

Salamu nyingi kutoka huku. U hali gani wewe na joto la Tanga? Mkonge haujakutoboa macho? Sisi wazima, kahawa tunaanika, nami bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote hapa, ingawa meno mawili yameniaga.

Sasa kaa kitako. Dada yako Kemirembe aliugua tumbo siku nne, upande wa kulia, homa kali hata kugeuka hawezi. Nilipofika nilikuta engozi ya kubebea wagonjwa imeegemezwa ukutani, wanaume wa zamu wamekaa nje wanavuta kiko. Ndani watu wanabishana Biblia.

Shemeji Kahigi, unamjua tangu aokoke, alikataa hospitali. Alisema Mfalme Asa alitafuta waganga badala ya Mungu, akafa. Tena Yakobo ameagiza wazee waombe na kupaka mafuta, nao walishapaka mara mbili. Mzee Kamugisha wa kanisa akamjibu kwamba Yesu mwenyewe alisema wagonjwa ndio wanaohitaji tabibu. Kahigi akasema hapo ni tabibu wa dhambi.

Nikaingia mimi, niliyefika vita vya Bama na bunduki na kusoma hadi darasa la tatu. Nikawaambia vitambaa vya Paulo viliponya watu, lakini kwa Timotheo Paulo huyo huyo aliandika tu anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Mvinyo hatuna, nikasema, basi nikalete rubisi.

"Shemeji, toka na pombe yako ya ndizi!" Kahigi akapaza sauti. "Mke wangu anakufa, wewe unacheka?"

Kaijage, macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mkaidi. Aliogopa kwamba akimpeleka, Mungu ataona ameachwa, na mke afe kwa kosa lake. Nikauacha utani, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Ndipo Kemirembe akasema kitandani, polepole, "Yule aliyepooza, aliyeshushwa kwa tundu la dari, alikwenda kwa Yesu kwa miguu yake?" Akamgeukia mumewe. "Walimbeba wanne. Na Yesu aliitazama imani yao hao waliobeba. Baba Deodatha, nibebeni. Mtaomba njiani."

Kahigi akainuka, akashika mti wa mbele. Haikuwa zamu yake, lakini hakuna aliyethubutu kumpokonya. Mimi nilishika nyuma. Maili tisa hadi hospitali ya misheni yeye aliomba kwa sauti, mimi nikaitikia amina tu, maana milimani pumzi ya maneno mengine sikuwa nayo.

Walimpasua jioni ile ile. Daktari alisema tungengoja asubuhi tungebeba maiti. Leo siku ya tisa anakunywa uji na kunigombeza.

Lakini kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Kamuli. Naye aliombewa, akapakwa mafuta, akabebwa mapema kuliko dada yako. Juzi amefariki. Kemirembe aliniuliza kwa nini huyu na si yeye. Kahigi hakufungua Biblia. Alikwenda akashika engozi ya yule mama, wakamrudisha kwao Kamuli.

Mke wangu, Mama Auleria, anakusalimu sana. Msalimie mkeo Anatolia na watoto wote. Mungu awafunike huko mliko, wazima na wagonjwa.

Ni mimi ndugu yako akupendaye daima,
Nuwagaba