Abiria Mmoja wa Kulala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya mtu aliye mbali haichakai, basi ipokee ikiwa mpya. Magoti yanaendeleaje? Na bomba la hapo Isevya linatoa maji, au bado linakohoa tu? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii naituma kwa picha kwenye simu ya Dada Mwajuma ili iwahi; akusomee taratibu, tena asiruke maneno kama anavyoruka chumvi kwenye mchuzi. Kupiga simu nimeshindwa. Nikisikia sauti yako nitacheka, na wewe kicheko changu unakijua: utagundua kuwa nalia.

Unajua kazi yangu huku Uarabuni: tunasafisha ndege na kutandika viti vya matajiri wanaokwenda kupumzika visiwani. Mwanao niliishia darasa la saba, lakini kwa viti vya ndege mimi ni profesa. Rubani mzima huniuliza hali! Tajiri anaweza kulipia kitanda, akaingia, akakuta kiti kinarudi nyuma kidogo tu kama cha kinyozi. Njia za visiwani ndivyo zilivyo, mara nyingi hupelekwa vindege vidogo. Usiangalie jina lililoandikwa kwenye tiketi, angalia ni ndege gani imepangwa siku hiyo. Kubwa ikija, kiti kinanyooka mpaka miguuni, unalala kama uko kwenye kitanda cha kamba.

Aliyenifundisha hayo ni Kondo, yule Mzaramo wa Bagamoyo niliyekuwa nikikusimulia. Mtani wangu, Mzaramo kwa Mnyamwezi. Kila asubuhi tulikuwa tunashindana kubahatisha ndege ya Unguja ya leo ina vitanda au haina. Yeye mgongo ulikuwa umemwisha kwa kuinama. Akasema siku atakayorudi kwao atapanda ile ya Unguja inayopitia Dar, na atasubiri mpaka ipangwe ndege yenye vitanda, hata kama ni mwaka mzima.

Nikamwambia, "Mzaramo gani wewe wa kulala kitandani angani? Kwenu mnalala juu ya maganda ya nazi!"

Akajibu, "Nyamaza, mpagazi. Babu yako alifika kwetu na pembe begani, akaona bahari akauliza nani kamwaga."

Mama, Kondo amefariki. Alishika kifua tukiwa kazini, wakampeleka hospitali, hakurudi. Bado yuko chumba cha maiti, wanasubiri karatasi. Watasafirisha mwili wiki ijayo, kwa ndege hiyohiyo ya Unguja inayopitia Dar.

Kesho yake baada ya kifo nikapangiwa ndege kubwa, yenye vitanda. Nikafika kwenye kiti cha dirishani, kile alichokuwa akikipapasa kila mara akisema, "Hiki changu." Nikakinyoosha, nikajilaza na buti zangu. Msimamizi akaja.

"Inuka!"

"Siinuki," nikamwambia kwa Kiswahili. "Mimi ni mtani wa marehemu. Mpaka mnipe kuku."

Angekuwa Mtanzania angecheka, akatafuta hata yai la kumlipa mtani. Yeye aliita walinzi. Sasa nimetolewa ndani ya ndege, nafagia maegesho ya magari juani. Ruhusa ya kusindikiza mwili nimeomba, nimenyimwa.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama, Kondo atazikwa bila Mnyamwezi. Zamani za misafara, mtu wetu akifia pwani walimzika wao, na wao wakifia kwetu Unyanyembe tuliwazika sisi, tena kwa kuwatania, ili mfiwa apate pumzi. Leo aliyefia ugenini ni wao, na mtu wetu aliyekuwepo ni mimi, nami nimefungiwa kwenye ufagio.

Nakuomba uende wewe. Najua magoti. Panda treni na Mwajuma, mkateremke Dar, kisha Bagamoyo. Isevya nzima haijasahau alipokufa yule fundi cherehani Mzaramo: ulivaa kofia yake, ukakalia cherehani yake, ukasema jeneza halitoki mpaka gauni lako limalizike. Mjane wake, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji. Mama yake Kondo naye nasikia hali chakula. Ingia chumbani, lala kwenye kitanda cha mwanawe, ugome kuinuka. Watajua wenyewe wewe ni nani.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake naikumbuka. Shangazi wa Ziba umpe pole ya ng'ombe wake. Jirani yetu muuza asali mwambie asali ya huku ni sukari iliyosoma.

Sasa sikia la kuwaambia ukiwa pale kitandani. Leo nimemuuliza mpangaji wa ndege ni ipi itakayombeba Kondo. Ni ile ndogo. Haina kitanda hata kimoja. Basi waambie hivi, kwa sauti ile yako ya msibani: "Huyu Mzaramo mjanja! Matajiri wote juu wamekaa wima kutoka Uarabuni mpaka Dar, shingo zimepinda. Ndege nzima aliyelala ni yeye peke yake!"

Wakicheka, Mama, cheka na wewe. Ukishamaliza, mlilie kidogo kwa niaba yangu, maana huku juani machozi yanakauka kabla hayajafika kidevuni.

Mwanao asiyekuwa na mtani tena,
Jumanne